Kikombe cha Kwenye Mnyororo

Jumatatu ya tarehe 9 Juni 2003, mwanamke mmoja mshona vifungo alifaulu mtihani wa kuendesha magari makubwa, na leseni yake ikatolewa siku hiyohiyo. Mtahini alimtaka arudishe lori nyuma mara ya pili. Hakuwa amekosea mara ya kwanza, ila wafanyakazi wa ofisini walitaka kutoka nje wajionee. Alilirudisha lori, akalilaza katikati ya mapipa mawili bila kugusa hata moja, akashuka na kuuliza kama kuna mwingine anayetaka kutazama.

Tangu hapo jina alilopewa na wazazi wake likaanza kusahaulika. Mji mzima ulimwita Bi Boza.

Boza lenyewe, lori lenye tangi la kuuzia maji, lilikuwa la kaka yake. Huyo waliyemwita Kapteni hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini, ila alivaa kofia ya unahodha aliyoinunua kwenye mitumba, na kila alipoingia uani kwa mteja alipiga honi ndefu na kupaza sauti: "Abiria, meli imetia nanga!" Watoto walimkimbilia, mama zao walimkaripia, na maji yakamiminwa. Aliendelea hivyo mpaka figo zikamgomea. Daktari akamwambia kwamba kuanzia sasa damu yake itasafishwa kwa mashine, mara tatu kila wiki, na kwamba habari ya kupanda na kushuka lori kutwa nzima imekwisha.

Kapteni akaenda moja kwa moja hadi duka la sare za shule, alikokuwa mdogo wake amekaa nyuma ya rundo la mashati, akamtupia ufunguo mezani.

"Kaka, mimi najua cherehani tu."

"Cherehani ina pedali, lori lina pedali. Vimezidiana kelele tu."

Mume wa Bi Boza wa wakati ule hakupendezwa. Alisema hawezi kulala kitanda kimoja na dereva wa lori. "Basi lala chini," Bi Boza akamjibu, na haukupita muda mume akaenda kulala kwingine kabisa. Habari ya mume huyo huisimulia akicheka. Hasira yake alimwekea mtu mwingine, na alimwekea kwa muda mrefu.

Mtambo wa maji uko ukingoni mwa ziwa: nyumba ya pampu, mabwawa ya kutulizia matope, machujio ya mchanga, na mwishoni kabisa bomba nene kama paja ambalo maboza hujazwa. Pembeni ya bomba, kwenye mnyororo mfupi, kilining'inia kikombe cha bati kilichobonyea upande mmoja. Hakuna aliyejua nani alikitundika. Sheria yake haikuandikwa popote, lakini hapakuwa na dereva aliyeivunja. Kabla mpira haujaingizwa kwenye tangi, mjazaji hukinga maji kwa kikombe kile, hunywa nusu, kisha dereva humalizia. Anayekataa kikombe anaondoka na tangi tupu.

Mjazaji alikuwa Mzee wa Bomba, mwenye mapengo mawili mbele na koti la mvua alilovaa hata wakati wa jua kali. Kila alipokunywa alimwambia Bi Boza, "Nikianguka, usijaze."

"Ukianguka, mzee wangu, nani atanifungia koki?"

Maneno yaleyale kila siku, na kila siku walicheka.

Nusu kikombe ile ndiyo iliyokuwa dhamana yao. Bi Boza alipofika hospitali na kuunganisha mpira na tangi la kitengo cha figo, sista wa zamu alitoa kichwa dirishani. "Umeonja?" "Nimeonja, sista." "Haya, mimina." Ndani, Kapteni alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kuegemea, mirija miwili mkononi, akiwachekesha wagonjwa wenzake. "Jamani, maji yenu yameonjwa na mdogo wangu. Mkifa, mtakufa kwa kitu kingine."

Mkuu wa mtambo alikuwa mtu safi, mwenye sauti ya chini. Wafanyakazi walimwita Bwana Kioo, kwa sababu kila asubuhi alijaza bilauri, akaiinua dirishani kwenye mwanga, na kusema, "Nataka maji kama kioo." Aliwajua madereva wote, aliwauliza habari za nyumbani, na alikumbuka majibu. Kapteni alipolazwa mara ya kwanza, Bwana Kioo alimpelekea mfuko wa matunda. Bi Boza hafichi kwamba zamani alimpenda.

Miezi ya joto ilipofika, ziwa lilivaa kijani. Ilianza na nyuzi chache pembezoni, kama mtu aliyemwaga majani ya chai. Kisha nyuzi zikashikana zikawa utando, na utando ukanenepa mpaka mawimbi yakashindwa kuuvunja. Ukichovya mkono unatoka kama umeutia kwenye ndoo ya rangi. Ulinuka nyasi zilizooza. Mbwa wawili wa mlinzi waliramba maji ya ukingoni asubuhi, na kabla ya jioni walikuwa wamezikwa. Watu walikuwa wameuzoea utando huo, kwa sababu kila mwaka ulikuja na kuondoka wenyewe.

Mwaka ule wizara ilikuwa inakuja kuzindua pampu mpya. Viti vilishakodiwa, gati limeshapakwa rangi nyeupe, na chini ya gati hilo jeupe ziwa lilikuwa kijani kibichi.

Kisha asubuhi moja Bi Boza akafika na kukuta maji ya pale gatini yametakata, unaona mawe chini.

"Kumetokea nini huku, mzee wangu?"

Mzee wa Bomba alikuwa akitazama viatu vyake. "Upepo," alisema.

Akakinga kikombe, akanywa nusu, akampa. Bi Boza akamalizia. Maji hayakuwa na ladha wala harufu. Alikuwa ameshatoka getini alipogundua kwamba siku ile mzee hakusema lile neno lake la kuanguka, lakini hakulitia maanani. Wageni walikuja, wakapiga makofi, wakapiga picha na ziwa, wakaondoka.

Wagonjwa wa figo walianza kutapika kesho yake. Vichwa viliwauma, macho yakafanya ukungu. Kapteni alimwambia sista kwamba anamwona ana vichwa viwili, "na vyote viwili vinanigombeza." Siku zilizofuata weupe wa macho yake ukageuka njano. Ini lilikuwa linakufa. Madaktari, kwa nia njema, wakaagiza wagonjwa wasafishwe damu zaidi, ili kinachowadhuru kitoke. Kitengo kikahitaji maji zaidi. Bi Boza akaenda mtamboni, akaonja, akajaza, akapeleka. Akarudi tena, akaonja, akajaza, akapeleka.

Kapteni alikufa kabla ya mwezi kuandama. Walimzika na kofia yake. Wenzake watano wa kitengo kile walimfuata.

Tume ya uchunguzi ilikaa kwenye ukumbi wa mikutano wenye mapangaboi yasiyozunguka. Mtaalamu aliyeletwa kutoka chuo kikuu alieleza kwa lugha ambayo hata watu wa viti vya nyuma walielewa. Utando ule ni vijidudu hai, alisema, na baadhi yake vina sumu ndani ya miili yao. Vikiwa hai, sumu nyingi hubaki ndani, na machujio yanaweza kuvizuia vikiwa vizima. Lakini ukivimwagia mrututu, lile jiwe la buluu ambalo wakulima hupulizia nyanya, vinapasuka kwa pamoja na sumu yote inaingia majini. Hapo maji yatatakata na bado yataua. Kuyachemsha hakusaidii. Mwenye afya akinywa nusu kikombe huenda asihisi lolote, ila mashine ya figo hupitisha maji hayo kando ya damu ya mgonjwa mapipa kwa mapipa. Kinachoweza kuinasa sumu ni mkaa wa kuchujia, unga mweusi ambao kila mtambo unatakiwa kuwa nao stoo.

"Je, mrututu ulitumika?" mwenyekiti akauliza.

Bwana Kioo alisimama, suti yake imenyooka kama imetoka kwa dobi asubuhi ileile. "Hapana, mheshimiwa. Utando uliondolewa na upepo. Na mkaa tunao siku zote. Kama sumu iliingia, iliingia njiani." Akageuka kidogo upande walikokaa madereva. "Mimi sina ugomvi na mtu. Lakini tangi lisilosuguliwa huota mwani ndani."

Alilisema kwa upole, kama anayetoa pole msibani. Bi Boza alimtazama Mzee wa Bomba, aliyekaa benchi la nyuma. Mzee alikuwa anatazama viatu.

Tume ikasema chanzo hakikuthibitishwa, lakini usafi wa matangi unatiliwa shaka. Bi Boza alinyang'anywa kibali cha kubeba maji ya kunywa. Boza likaandikwa ubavuni kwa herufi nyekundu, MAJI SI YA KUNYWA, na kuanzia siku hiyo akawa anapeleka maji kwenye majengo, ya kuchanganyia zege. Sokoni watu walimpisha njia kwa adabu mbaya. "Boza la mauti hilo," kijana mmoja wa kubeba mizigo alisema, na wenzake wakacheka mpaka wakashika magoti.

Hayo aliyamudu. Aliyeshindwa kummudu ni wifi yake, mjane wa Kapteni. Wifi hakumlaumu hata kwa neno moja. Alikuja kila Jumapili kama zamani, akaketi palepale, akaulizia afya na kazi. Ila alikuja na chupa yake ya maji kwenye mkoba.

"Nikuwekee chai, wifi?"

"Nimeshiba, wifi yangu." Kisha, katikati ya mazungumzo, akafungua mkoba, akanywa yake, akafunga.

Miaka ikapita hivyo. Chupa ile Bi Boza aliiona hata akiwa barabarani.

Siku aliyostaafu, Mzee wa Bomba alikuja nyumbani kwa Bi Boza na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa kile kikombe, na kipande cha mnyororo bado kinaning'inia.

"Nimekikata kwa msumeno," alisema. "Hawakukitumia tena tangu siku zile."

Hakuketi. Alisimama karibu na mlango akamwambia yote. Ni yeye aliyepiga kasia na kumwaga viroba vya mrututu ziwani, kwenye mdomo wa bomba la kuvutia maji, Bwana Kioo akiwa amesimama gatini na leso puani, akimwonyesha kwa kidole wapi pamebaki kijani.

"Na mbele ya tume ulinyamaza."

"Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu, mwanangu. Angenifukuza siku ileile."

"Utasema sasa?"

"Nani atamsikiliza mpiga kasia mbele ya meneja?"

Bi Boza hakumtukana. Alimfungulia mlango. Kikombe akakitundika kwenye boza, chini ya kioo cha kutazamia nyuma, kikawa kinagonga kila barabara ilipokuwa mbovu.

Bwana Kioo naye alikuwa amestaafu, kwa sherehe na saa ya ukutani. Alijenga juu ya kilima, nyumba yenye geti la kijani na maua aliyoyamwagilia mwenyewe kila asubuhi kwa mpira. Jirani yake alikuwa anaongeza ghorofa, na maji ya zege yaliletwa na Bi Boza. Alipita mbele ya geti lile mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Aliyajua maua yote. Alijua mzee anatoka na kandambili gani. Hakuwa na mpango wowote, ila, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa "anamnoa."

Mwaka huu ziwa likavaa kijani tena. Mkuu mpya wa mtambo, binti mmoja asiye na maneno mengi, akafunga pampu siku ileile na kutangaza redioni kwamba mji utakaa na kiu mpaka maji yapimwe. Watu walimtukana, yeye akaendelea kupima. Kilimani ndiko maji yalikokatika kwanza. Dalali wa maji akampigia Bi Boza simu.

"Bi Boza wangu, huku juu wanalia. Kuna mzee mmoja anataka tangi zima. Geti la kijani, pale unapopeleka ya zege. Wewe fanya hujui hayo maandishi yako mekundu, na mimi sijui."

"Mwambie kesho kutwa," Bi Boza akasema. Anakumbuka sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa.

Alilipeleka boza ghubani, alikokuwa akichota maji ya ujenzi siku zote, akavuta maji ya kijani mpaka tangi likajaa. Akapita duka la pembejeo kununua mrututu.

"Nyanya zako zimepatwa na nini, mama?" muuzaji akauliza.

"Ukungu wa zamani."

Boza likakaa nyuma ya nyumba yake. Alipofungua koki ya chini, matope yalitoka mazito kama uji, akayafukia. Akatia klorini kuua harufu, kama wafanyavyo mtamboni. Asubuhi ya safari alikinga maji kwenye bilauri, akaiinua dirishani. Yalikuwa kama kioo. Akafunika herufi nyekundu kwa turubai, akaifunga kamba, akawasha injini.

Baadaye aliulizwa kama alimfikiria mke wa mzee yule, ambaye naye angekunywa. Alijibu kwamba hapana. "Wifi yangu alifikiriwa na nani?"

Ni mke huyo aliyemfungulia geti. Alikuwa mwanamke mnene mwenye kanga kiunoni na unga mikononi, na alimkaribisha kama mgeni wa siku nyingi. "Karibu mama, pole na jua. Tangi lenyewe hilo hapo pembeni." Bi Boza aliuweka mpira begani, akafungua mfuniko wa tangi la nyumba. Mdomo wa mpira ulikuwa umeshaingia.

"Samahani, mama, usinielewe vibaya," mke huyo akasema nyuma yake. "Lako unalisugua? Mume wangu alikuwa mkubwa kule mtamboni, kila siku ananiambia ni haya maboza machafu yaliyowamaliza wale wagonjwa wa figo. Mimi niliwazika wawili kati yao. Sisahau."

Bi Boza akasimama na mpira wake.

Alichokiona wakati ule anakieleza bila kupamba. Aliona jeneza la Bwana Kioo limefunikwa maua, na mtu wa wizara akisoma risala. Aliona tume nyingine, ukumbi uleule, na safari hii wangelifungua boza lake na kukuta sumu kweli. Uongo wa yule mzee ungekuwa ukweli, na yeye ndiye angekuwa ameupigia muhuri. Kapteni angebaki marehemu aliyeuawa na uchafu wa dada yake, milele, na chupa ya wifi isingetoka mkobani.

Akautoa mpira. Haikuwa huruma, huruma aliizika pamoja na ile kofia.

Boza likisimama kwenye mtaa mkavu halikosi watu. Majirani walishaanza kuingia getini na ndoo, wanne, watano, mmoja na sufuria kabisa. "Mama, tugawie kidogo." Bi Boza akapanda kwenye ngazi ya lori.

"Ndoo chini! Hapana anayechota mpaka yaonjwe. Mwiteni mwenye nyumba."

Bwana Kioo akatoka barazani, miwani kwenye paji la uso. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe, lakini shati limenyooka vilevile. Hakumtambua Bi Boza, miaka ilikuwa imepita mingi. Alichokitambua ni kikombe kilichokuwa mkononi mwake.

"Hee! Hicho umekipata wapi?"

"Si cha kwenu mtamboni, mzee wangu? Sheria ya bomba unaijua. Anayetoa anaonja, anayepokea anamalizia."

Mzee akacheka, akawageukia majirani, kifua kimemjaa. "Mnaona? Haya ndiyo mambo niliyowafundisha." Hakuwa amefundisha, lakini Bi Boza aliliacha lipite. Akafungua koki, akakinga, akanywa nusu mbele ya watu wote, akafuta mdomo kwa kiganja. Kisha akampa.

Bwana Kioo aliinua kikombe kwenye jua, akakiinamisha huku na huku, kama alivyofanya na bilauri kila asubuhi ya maisha yake ya kazi. "Kama kioo," alisema. Akakipeleka mdomoni.

"Kabla hujanywa," Bi Boza akasema, "nikueleze nilivyoyapika, maana wewe ni fundi. Nimeyachota ghubani, kijani kama geti lako. Nikatia mrututu, utando ukafa. Nikatoa matope, nikatia klorini. Vilevile kama ulivyofanya wewe wageni walipokuja. Sasa kunywa."

Kikombe kilisimama karibu na mdomo. Uso wa mzee ukabadilika, na sauti iliyotoka ilikuwa ya bosi anayemkuta kibarua ameharibu mashine.

"Una wazimu wewe? Mrututu bila mkaa! Utando ukifa unatema sumu yote majini, lazima utie mkaa! Unataka kuua watu? Sisi siku ile stoo haikuwa na hata kiroba kimoja, nikawaambia tu wafungue kwa sababu wageni walishafika—"

Akakishusha kikombe kifuani.

Mwenye sufuria aliishusha chini polepole, kama anayeogopa isije ikatoa mlio.

"Siku ile ipi?" mke wake akauliza.

"Mama, ingia ndani."

"Siku ile ipi, baba watoto?"

"Nimesema ingia ndani."

"Uliniambia upepo," mke akasema. Mikono yake ilikuwa bado na unga. "Nimebishana na watu mimi, misibani, nikikutetea. Uliniambia upepo."

Bi Boza akaivuta kamba ya turubai. Herufi nyekundu zikatokea, moja baada ya nyingine. "Mimi ni mdogo wake Kapteni," alisema. "Yule uliyempelekea matunda."

Bwana Kioo akakaa kwenye ngazi ya baraza. Kikombe kikamtoka mkononi, kikabingirika sakafuni, na maji yakaenea kwenye saruji, safi, hayana rangi.

"Mmoja wenu apige simu polisi," Bi Boza akawaambia majirani. "Siondoki. Na mtu asiliguse hilo boza."

"Waje wamkamate nani?" akauliza mmoja mwenye ndoo.

"Wakija watachagua."

Walimchukua Bi Boza na boza lake. Alitapika siku mbili, kwanza mahabusu, kisha hospitalini na askari mlangoni. Bwana Kioo alikana kila kitu kupitia wakili, lakini mke wake alikuwa ameshakwenda kituoni kwa miguu yake, jioni ya siku ileile, na majirani watatu nyuma yake. Habari zilipomfikia Mzee wa Bomba, naye akavaa koti lake la mvua, akaenda kuandikisha maelezo.

Aliyemdhamini Bi Boza ni wifi yake. Alimngoja nje ya kituo, kwenye kivuli cha ukuta, na Bi Boza alipotoka akafungua mkoba, akampa ile chupa. Bi Boza akanywa. Wifi akaipokea kabla haijaisha, akamalizia yeye. Wakaenda kutafuta gari la kurudi nyumbani.

Anajutia jambo moja tu, kwamba kikombe kilimwagika. "Nilitaka alowe ulimi tu," anasema. "Aijue ladha yake. Haina ladha."

Tume inakaa upya Jumanne ijayo, ukumbi uleule, na shahidi wa kwanza ni mke wa Bwana Kioo. Alhamisi ya wiki hiyohiyo Bi Boza atapanda kizimbani kwa kosa la kupeleka maji ya sumu kwenye makazi ya watu. Wakili amemshauri aseme kwamba hakujua. Atasema alijua.